Sekunde Chache za Hiari

Julai 2021 Papa Francis, akiwa na umri wa miaka 84, alifanyiwa upasuaji wa utumbo mpana katika Hospitali ya Gemelli, jijini Roma. Baadaye mwaka huohuo aliiambia redio moja ya Hispania kwamba amepungukiwa sentimita 33 za utumbo. Namba hiyo ilisambaa duniani kwa sababu ilikuwa habari inayosemeka mbele za watu. Kila mwaka wagonjwa wengi hutoka hospitali wakiwa na namba ya aina hiyo, nao huisimulia kwa ndugu na majirani wanaokuja kuwapa pole. Kinachofuata wageni wakishaondoka, usiku, mgonjwa anapoinuka kwa mara ya nne kwenda chooni bila hakika kwamba atafika, hakipewi namba na hakuna anayekisimulia.

Ni katika eneo hilo lisilosimuliwa ndipo tiba ya bayofidibaki inapofanya kazi. Kifaa hupima jambo ambalo mwili unalifanya bila mwenyewe kulihisi vizuri, kisha humrudishia habari hiyo papo hapo, kwa mstari wa skrini, taa au sauti, ili ajifunze kuliongoza. Kwa mtu aliyepasuliwa utumbo, kinachopimwa ni nguvu ya misuli inayofunga njia ya haja kubwa, na hisia anayoipata puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, inapojaa. Maelezo ya kitabibu hayahitaji zaidi ya hayo. Yanayompata mtu moyoni wakati akiutazama mstari huo yanahitaji maneno mengi zaidi, maana mstari huo ni habari za sehemu ya mwili ambayo tangu utotoni alifundishwa kuificha.

Haja ya tiba hii imetokana na mafanikio ya upasuaji wenyewe. Mwaka 1908 daktari Mwingereza Ernest Miles aliandika katika jarida la Lancet namna alivyokuwa akitibu saratani ya puru. Aliondoa puru yote pamoja na misuli inayoifunga, na mgonjwa akaishi na tundu la kudumu tumboni. Miaka 40 baadaye, 1948, Claude Dixon wa Kliniki ya Mayo nchini Marekani alionyesha kwamba mgonjwa mwenye uvimbe ulio juu kidogo anaweza kukatwa kipande kilichougua, ncha mbili za utumbo zikaunganishwa, na njia yake ya asili ikabaki. Mwaka 1982 Bill Heald na wenzake wa mji wa Basingstoke, Uingereza, walieleza jinsi ya kuitoa puru ikiwa ndani ya tabaka lake la mafuta bila kulichana, na hatari ya saratani kurudi mahali palepale ikapungua sana. Wagonjwa wengi ambao zamani wangeishi na mfuko wa kukusanya choo tumboni hadi kufa sasa huuvaa kwa miezi kadhaa tu, kiungio cha ndani kikipona, kisha utumbo ukarudishwa ndani na tundu likafungwa.

Misuli ilibaki, lakini ghala lililokuwa juu yake liliondoka. Puru ya kawaida hutanuka taratibu na kuhifadhi kilichoingia hadi mwenyewe apate wasaa. Kipande cha utumbo kinachovutwa chini kushika nafasi yake hakina subira hiyo, na neva zilizokuwa zikipeleka taarifa huenda zimeguswa na kisu au na mionzi. Mgonjwa huenda chooni mara nyingi, kidogo kidogo, mara mbili tatu ndani ya saa moja, na haja inapokuja haimpi nafasi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2018 ulikadiria kwamba takriban asilimia 41 ya waliofanyiwa upasuaji wa aina hii huishi na matatizo hayo kwa kiwango kikali.

Mwaka 2012 watafiti wa Denmark, Katrine Emmertsen na Søren Laurberg, walitunga dodoso la maswali 5 la kupima hali hiyo. Maswali hayo yanahusu hewa inayotoka bila ruhusa, choo cha majimaji kinachovuja, idadi ya safari za chooni, haja inayorudi kabla ya saa moja kupita, na kubanwa ghafla kiasi cha kulazimika kukimbia. Jumla ya alama ni 42, na zaidi ya 29 ni hali kali. Namna alama zilivyogawanywa inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ziligawanywa kulingana na jinsi kila tatizo linavyoyaharibu maisha ya mgonjwa. Kuvuja kwa choo cha majimaji, jambo ambalo mtu mzima angedhani ndilo aibu kuu, kuna alama 3 tu. Kubanwa ghafla kuna alama 16.

Tofauti hiyo inaeleza jambo ambalo jamaa wa mgonjwa mara nyingi hawalioni. Kuvuja kunaweza kutokea mara moja kwa juma, na kuna pedi, maji na nguo za kubadilisha. Hofu ya kubanwa, kwa upande wake, ipo saa zote. Mtu huacha kwenda harusini na msibani kwa sababu hajui choo kiko wapi. Hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango msikitini au kanisani, na kabla ya safari ya basi hujinyima chakula tangu jana yake. Mume na mke hulala vyumba tofauti bila ugomvi wowote. Hofu yenyewe huongeza tatizo, maana ubongo na utumbo huwasiliana kwa neva na homoni, na wasiwasi huuchochea utumbo mpana kusukuma. Anayeogopa kubanwa hubanwa zaidi.

Zaidi ya hapo, mgonjwa huyu ameshaambiwa kwamba amepona. Kwa miezi yote aliyovaa mfuko alikuwa akihesabu siku ya kufungwa kwa tundu kuwa siku ya kurudi katika maisha yake. Siku hiyo imefika, vipimo vya saratani viko safi, familia imeshukuru Mungu, na yeye anaona haya kulalamika. Atamwambia nani kwamba kuna nyakati anautamani ule mfuko, ambao angalau alijua umejaa au haujajaa? Huenda ndiyo sababu wengi hunyamaza mbele ya daktari wao. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na huyu anauficha mbele ya mtu yuleyule aliyempasua.

Swali la nani anaamuru sehemu hizo za mwili ni la zamani. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alipoandika kitabu chake Mji wa Mungu mwanzoni mwa karne ya 5, aliwataja watu wenye uwezo wa ajabu juu ya miili yao: wanaotikisa masikio, wanaotoa jasho wakitaka, hata wanaotoa sauti kwa nyuma kwa hiari yao mpaka ikawa kama wimbo. Aliwataja akiwa na hoja nzito. Kwake, mwili usiotii nia ni alama ya hali ya binadamu baada ya anguko la Adamu, na watu hao wachache walikuwa ushahidi kwamba utii mkubwa zaidi uliwezekana.

Sayansi ilikuja kuonyesha kwamba mlangoni mwa utumbo nia na utaratibu wa mwili wenyewe vimewekwa bega kwa bega. Kuna misuli miwili ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani hauamriwi na mtu. Hukaa umebana usiku na mchana, na ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi mtu anapopumzika. Mwaka 1877 daktari William Gowers wa London alieleza kwamba puru ikijazwa, msuli huo hulegea wenyewe. Kwa kitambo hicho kifupi, ngozi ya mfereji, yenye hisia kali, hupata nafasi ya kutambua kilichofika: hewa, maji au kitu kigumu. Msuli wa nje ndio unaotii nia. Mtu mzima mwenye afya hubana msuli huo mara nyingi kwa siku bila kujua kwamba amefanya uamuzi. Hiari yake inaishi ndani ya sekunde hizo chache, baina ya wa ndani kulegea na wa nje kubana. Baada ya upasuaji, taarifa huchelewa au huja imekwisha kuwa dharura, na sekunde zile hupotea.

Wazo la kuufundisha mwili kwa kuuonyesha kazi yake lilianza kwa namna mbalimbali. Mwaka 1948, uleule wa Dixon, Arnold Kegel, daktari wa wanawake huko Los Angeles, alieleza kifaa cha mpira chenye hewa kilichounganishwa na geji, ambacho kilimwonyesha mama aliyejifungua nguvu ya misuli ya sakafu ya nyonga yake. Mama aliyekuwa akibana bila kujua kama anafanya kitu sasa aliuona mshale ukisogea. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Neal Miller wa New York alidai jambo kubwa zaidi: panya waliolemazwa kwa dawa ya kurare, wasioweza kusogeza hata kiungo kimoja, walijifunza kubadili mapigo ya moyo wao kwa kutuzwa. Wimbi la matumaini likainuka, na 1969 watafiti wakaanzisha chama cha bayofidibaki huko California. Kisha majaribio yale ya panya yakakataa kurudiwa. Maabara moja baada ya nyingine ilishindwa, ikiwemo ya Miller mwenyewe, naye akakiri hadharani kwa maandishi kwamba hawezi kuyapata tena matokeo yake. Ungamo hilo liliiacha taaluma changa ikiwa na ahadi ndogo zaidi na ya kweli zaidi.

Ahadi hiyo ilipata mfano wake Baltimore. Mwaka 1974 Bernard Engel, Parviz Nikoomanesh na Marvin Schuster walichapisha katika New England Journal of Medicine habari za wagonjwa 6 walioshindwa kabisa kuzuia haja kubwa. Waliwekewa maputo madogo, moja likijazwa hewa ndani ya puru kuiga haja inayofika, mengine yakipima misuli miwili ya mlango. Wagonjwa waliiona michoro ya misuli yao na wakafundishwa kuubana wa nje palepale wa ndani unapolegea. Wanne wakawa wakavu kabisa na wawili wakapata nafuu ya wazi, katika ufuatiliaji wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Katika hatua ya mwisho ya mafunzo waliondolewa michoro, wakatakiwa kuifanya kazi ileile bila kuona kitu.

Utaratibu wa leo bado unafanana na ule. Kiungio kikishapona na daktari akaruhusu, mgonjwa huingia chumba chenye pazia, hulala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, na shuka juu yake. Muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia huingiza mrija mwembamba wenye kipimo, wenye puto au usio nalo. Kisha husema maneno mawili ambayo mgonjwa atayasikia hadi mwisho wa tiba: kaza, legeza.

Jambo la kwanza ambalo wengi hugundua ni kwamba hawajui kukaza. Wanabana makalio, au wanazuia pumzi na kusukuma kwa tumbo, ambako ni kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Mgonjwa anaapa kwamba ametumia nguvu zake zote, na mstari kwenye skrini haujasogea. Hapo uchungu unaweza kuwa mkali, kwa sababu mtu aliyekwisha kuuona mwili wake kuwa msaliti sasa ameletewa ushahidi wa maandishi. Mtaalamu mwenye uzoefu hukijua kitambo hicho. Huweka mkono juu ya tumbo la mgonjwa, humwomba apumue taratibu, humwambia asitumie nguvu zote, atumie theluthi tu. Mstari hupanda kidogo, na mgonjwa huuona kwa macho yake.

Kupanda huko kunabadili mahali ambapo mtu amesimama. Tangu upasuaji alikuwa mshtakiwa. Kila ajali ilikuwa hukumu juu ya usafi wake, uzee wake, hata utu wake. Mstari hauna habari na hayo. Unasema kwamba msuli upo, umeunganishwa, umesikia, na umechoka baada ya sekunde 4. Hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanyia kazi hadi zifike 10. Aibu, ambayo haina kipimo wala mwisho, imegeuka kuwa upungufu wenye ukubwa unaojulikana.

Sehemu ya pili ya tiba hugusa hofu moja kwa moja. Puto hujazwa hewa au maji kidogo kidogo, na mgonjwa husema anapohisi kitu, anapohisi haja, na anapoona hawezi tena. Akisema hawezi, mtaalamu humwomba asikimbie, abane, apumue, angoje. Mara nyingi wimbi la haja hupanda, hukaa, kisha hushuka. Aliyekuwa akiruka kila mara wimbi lilipoanza huenda hajawahi kusubiri hadi aone kwamba linashuka. Anafanya ugunduzi huo mahali ambapo kosa halina mashahidi wa kumcheka, na choo kipo hatua chache. Anaondoka na maarifa ambayo hakuna kidonge kingempa, kwamba kubanwa si sawa na kushindwa, na kwamba baina ya mawili hayo kuna nafasi.

Je, kinachoponya ni mashine? Christine Norton, muuguzi na mtafiti wa Hospitali ya St Mark's ya London, iliyoanzishwa 1835 na kubobea katika maradhi ya utumbo, alilipima swali hilo kwa ujasiri. Yeye na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu watu 171 wenye tatizo la kushindwa kuzuia haja katika makundi manne. Kundi moja lilipata ushauri tu kutoka kwa muuguzi: chakula, dawa, mazoea ya choo, namna ya kukabiliana na ajali. La pili liliongezewa mazoezi ya misuli kwa maelekezo ya mdomo, la tatu bayofidibaki ya kompyuta hospitalini, na la nne likapewa pia kifaa cha nyumbani. Matokeo yalichapishwa 2003. Zaidi ya nusu walipata nafuu, na nafuu hiyo ilidumu mwaka mzima, lakini kompyuta haikuongeza kitu juu ya ushauri. Watafiti walihitimisha kwamba uhusiano wa mgonjwa na mtaalamu wake, pamoja na mbinu za kuishi na tatizo, huenda vina uzito kuliko mazoezi au mstari wa skrini.

Miaka sita baadaye, 2009, Steve Heymen na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walipata jibu jingine. Waliwachuja kwanza wagonjwa waliokwisha kupata nafuu kwa elimu na dawa peke yake, kisha wakawagawa 108 waliobaki. Miezi mitatu baadaye asilimia 76 ya waliotumia bayofidibaki walisema wametosheka na nafuu yao, dhidi ya asilimia 41 ya waliofanya mazoezi bila kifaa.

Tafiti hizo hazikuwahusu waliopasuliwa puru peke yao, lakini zikisomwa pamoja zinasema jambo linaloeleweka. Kuna watu ambao kilichowakosesha nafuu ni kutokuwa na mtu wa kuwauliza, na wakimpata, nusu ya mzigo huondoka. Wapo pia waliobaki na shida hata baada ya kuulizwa na kuelekezwa, na kwao jicho la mashine linaonyesha kile ambacho maneno hayawezi kukifikia. Hata huko, mashine haifanyi kazi bila mtu. Mstari uleule unaomtia moyo mgonjwa aliyeshikwa mkono unaweza kumvunja aliyeachwa nao peke yake, kwa sababu skrini huonyesha kushindwa kwa uaminifu uleule unaotumia kuonyesha ushindi.

Tiba hii ina mvutano ndani yake. Inamtaka mtu aelekeze fikra zake zote mahali ambapo mtu mwenye afya hapafikirii kabisa. Kwa majuma kadhaa mgonjwa huandika daftari la choo, hufanya mazoezi asubuhi na jioni, na husikiliza kila mnong'ono wa tumbo. Kuna hatari kwamba usikivu huo utageuka kuwa ulinzi usiolala, na hofu ikapata kazi mpya. Ndiyo maana hatua ya mwisho ya Baltimore, ile ya kuondoa michoro, bado ni muhimu. Mtaalamu hugeuza skrini, humwomba mgonjwa abane na akisie mstari umefika wapi, kisha humwonyesha. Makisio yakianza kuwa sahihi, habari imehama kutoka kwenye mashine na kuingia mwilini, kama mtoto anayejifunza kuandika ambaye siku moja huacha kuutazama mkono wake na kulitazama neno.

Haya yote yana mipaka. Ghala lililokatwa halioti tena, na neva zilizochomwa na mionzi haziamki kwa kuamriwa. Nchini Ubelgiji watafiti wa Leuven waliwafuatilia wagonjwa 104 waliopasuliwa puru, takriban nusu wakipewa mafunzo ya misuli ya sakafu ya nyonga kwa majuma 12. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2022, yalionyesha kwamba miezi 6 baada ya upasuaji au kufungwa kwa tundu, asilimia 47.8 ya waliofundishwa walikuwa wameshuka daraja la ukali wa tatizo, dhidi ya asilimia 21.3 ya wasiofundishwa. Kufikia mwezi wa 12 tofauti ilikuwa imepungua mno, kwa kuwa baadhi ya wasiofundishwa nao walikuwa wamepata nafuu taratibu. Yupo atakayesema kwamba basi mafunzo hayakuhitajika. Aliyekaa nusu mwaka bila kutoka nje atayasoma matokeo hayo kwa namna nyingine, kwa sababu nusu mwaka huo una kazi aliyoiacha, watoto ambao hakuwasindikiza na ibada aliyoikosa.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuyafuatilia haya. Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, aliandika 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra kwa Waafrika, akiihusisha nafuu hiyo na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Leo wagonjwa hao wapo katika wodi za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, baadhi yao wakiwa bado vijana. Mashine za kupima misuli hii ni ghali, na hospitali iliyo nayo ni bahati kwa mgonjwa. Utafiti wa London, hata hivyo, unafungua mlango kwa hospitali isiyo nayo. Muuguzi aliyefundishwa, mwenye glovu na saa ya ukutani, anaweza kuhisi kwa kidole kama msuli unabana au tumbo ndilo linalosukuma, na akamwambia mgonjwa papo hapo. Kabla ya hilo, ile karatasi ya maswali 5 inaweza kuwekwa katika kila faili la aliyefungwa tundu, na maswali yakaulizwa kwa sauti katika kila hudhurio la kliniki, mlango ukiwa umefungwa, na muuguzi akianza na lile lenye alama 16.